Kisiwa, Krismasi na Maiti 21: Mandhari katika Riwaya ya Upelelezi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu mandhari ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutendeka. Jibu hilo ni sahihi na mtahini atalituza alama. Lakini halimsaidii mwanafunzi kuona kazi inayofanywa na mandhari ndani ya kitabu. Ndiyo maana insha nyingi za uhakiki hutaja kijiji, jiji, wakati wa ukoloni au baada ya uhuru, kisha hukimbilia maudhui kana kwamba mandhari ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya wahusika.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mandhari ni nguzo ya msuko na kwamba huamua pia nani ataonekana na nani atafichika. Ili kuifafanua hoja hiyo tutachunguza utanzu ambao wengi wetu huudharau kwa kuuita fasihi pendwa, yaani riwaya ya upelelezi. Tumeteua riwaya mbili za mwandishi Mwingereza Agatha Christie. Ya kwanza ni And Then There Were None (1939), ambayo mandhari yake ni kisiwa kidogo. Ya pili ni Hercule Poirot's Christmas (1938), ambayo mauaji yake yanatokea mkesha wa Krismasi. Kisha tutavuka bahari hadi Unguja kwa Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Huenda ukauliza, mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na kisiwa cha Waingereza? Jibu ni kwamba katika kisiwa hicho kuna watu wetu. Ni maiti 21 kutoka Afrika Mashariki, na ni wasomaji wachache sana wanaowakumbuka wakishafunga kitabu. Kwa sababu hiyo italazimu tufichue siri za riwaya zote mbili. Asiyezisoma na anayependa kutegua vitendawili mwenyewe azisome kwanza, kisha arejee hapa.

Kisiwa kinachofunga

Muhtasari wa And Then There Were None ni mfupi. Watu wanane wanaalikwa katika kisiwa kiitwacho Soldier Island, karibu na pwani ya Devon kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwenyeji wao hayupo. Wanaowapokea ni watumishi wawili, mume na mke. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, sauti kutoka katika santuri inawasomea mashtaka: kila mmoja wa hawa watu kumi amesababisha kifo cha mtu au watu, na sheria haikumfikia. Kuanzia hapo wanakufa mmoja mmoja, kwa kufuata mpangilio wa wimbo wa watoto uliotundikwa katika kila chumba. Kila anapokufa mtu, sanamu moja ndogo ya kauri inatoweka mezani.

Tazama sasa kazi ya kisiwa. Mashua iliyowaleta haiji tena, na dhoruba inapovuma tumaini la kuvuka linakatika. Wanakisaka kisiwa chote na kukuta hakuna mtu mwingine. Maana ya ugunduzi huo ni moja tu: muuaji ni mmoja wao. Bila bahari hitimisho hilo lisingewezekana. Kama nyumba hii ingekuwa kando ya barabara, msomaji angemshuku mpita njia, mwizi au jirani, nao wageni wangeondoka asubuhi ya pili. Kisiwa ndicho kinachotoa orodha ya washukiwa, kinachozuia polisi kufika, na kinachofanya kila kifo kipunguze orodha na kuongeza hofu. Taharuki ya riwaya hii imejengwa kwa hesabu ya kutoa, na kisiwa ndicho kilichoiwezesha hesabu hiyo.

Kisiwa kina kazi ya pili, nayo ni ya kimaudhui. Muuaji, kama tunavyokuja kujua kwa barua aliyoitia katika chupa na kuitupa baharini, ni Jaji Wargrave, ambaye anajifanya amekufa katikati ya mfululizo wa mauaji. Mtu aliyeishi kwa sheria ameteua mahali ambapo sheria haifiki, akajenga mahakama yake. Amekuwa mwendesha mashtaka, hakimu na mnyongaji kwa pamoja. Kinaya hiki hakingekolea pasipo bahari kuuzunguka ukumbi wake. Mbinu ya mandhari funge, kama tunavyoweza kuiita, inageuza kipande cha ardhi kuwa kizimba.

Krismasi inayokutanisha

Ikiwa kisiwa hufunga kwa maji, sikukuu hufunga kwa desturi. Katika Hercule Poirot's Christmas, mzee tajiri Simeon Lee anawaalika wanawe na wake zao katika jumba lake la Gorston Hall. Wengine hawajakanyaga pale kwa miaka mingi. Mmoja hajamsamehe baba kwa jinsi alivyomtesa mama yao. Sura za riwaya zimepangwa kwa tarehe, kuanzia 22 hadi 28 Desemba, nasi tunaisogelea sikukuu siku baada ya siku kama mtu anayesogelea ukingo wa jabali. Mkesha wa Krismasi mzee anawaita wanawe, anawatukana, na anadokeza kwamba atabadilisha wosia. Usiku huo unasikika ukelele. Wanavunja mlango uliofungwa kwa ndani na kumkuta amechinjwa koo, samani zimepinduliwa na damu imetapakaa.

Mapema usiku huo, kabla habari za mauaji hazijamfikia, mpelelezi Poirot anatoa maoni ambayo ni ufunguo wa mandhari. Anasema kwa ufupi kwamba Krismasi huwakusanya watu wa ukoo mmoja ambao mwaka mzima wamekaa mbalimbali, nayo desturi huwataka wapendane hata kama hawapendani. Mkazo wa kujifanya wema hujenga shinikizo, nalo shinikizo hutafuta pa kutokea.

Je, kuna msomaji wa Kenya asiyeielewa hoja hii? Mwezi wa Desemba magari ya kwenda mashambani hujaa. Waliosambaa Nairobi, Mombasa, Nakuru na ng'ambo hurudi nyumbani kwa wazee. Mbuzi huchinjwa, watoto hupigwa picha, na usiku, wageni wakishalala, mazungumzo ya shamba huanza: nani atapewa sehemu ya karibu na barabara, nani alisomeshwa kwa ng'ombe wa nani, na mke wa nani hakuonekana matangani. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona theluji anaijua vizuri meza ya Gorston Hall. Mwalimu akianzia hapo hatalazimika kueleza kwa nini hakuna aliyeondoka ile jioni ya matusi. Mtu haondoki nyumbani kwa baba mkesha wa Krismasi.

Tofauti na kisiwa, hata hivyo, sikukuu haizibi kila upenyo. Msomaji anawachunguza wana wanaojulikana, kumbe muuaji ni Sugden, ofisa wa polisi anayeendesha uchunguzi wenyewe, ambaye ni mwana wa Simeon Lee aliyezaliwa nje ya ndoa. Alimwua mzee kabla ya ukelele kusikika na kuutega ukelele huo usikike baadaye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Krismasi ilimwalika kila mwana ila yule ambaye baba hakumtambua, naye alikuja bila mwaliko.

Ndoa ya mauaji na Krismasi haikuishia katika kitabu hiki. Kwa miaka mingi wachapishaji wa Christie waliuza riwaya yake mpya kama zawadi ya msimu wa sikukuu. Hata riwaya ya kisiwa, ambayo kihalisia inatokea mwezi wa Agosti, ilitengenezewa tamthilia ya televisheni ya sehemu tatu na BBC na kuonyeshwa tarehe 26 hadi 28 Desemba 2015. Mamilioni ya watu walikaa na jamaa zao, wameshiba, wakatazama watu kumi wakifa kisiwani.

Maiti 21 wasio na majina

Turudi katika ile santuri. Mashtaka yake yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndiyo kitovu cha riwaya. Daktari Armstrong anashtakiwa kwa kifo cha Louisa Mary Clees. Emily Brent, kwa kifo cha Beatrice Taylor. Blore, kwa kifo cha James Landor. Vera Claythorne, kwa kifo cha mtoto Cyril Hamilton. Jenerali Macarthur, kwa kifo cha Arthur Richmond. Marston, kwa vifo vya John na Lucy Combes. Rogers na mkewe, kwa kifo cha Jennifer Brady. Jaji Wargrave, kwa kifo cha Edward Seton. Hao ni marehemu tisa, na kila mmoja ana jina.

Anabaki Philip Lombard. Yeye anashtakiwa kwamba mwezi wa Februari 1932 alisababisha vifo vya wanaume 21 wa kabila moja la Afrika Mashariki. Hakuna jina hata moja. Kabila lenyewe halitajwi. Mwaka ule Kenya ilikuwa koloni, Uganda ilikuwa nchi lindwa, na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini uliosimamiwa na Waingereza. Riwaya haisemi tukio lilitokea katika nchi ipi kati ya hizo, wala kama ni mojawapo ya hizo. Marehemu wote wa santuri ni 30. Tisa wana majina na 21 wana idadi.

Namna Lombard anavyojibu shtaka ni tofauti na wenzake. Wengine wanakana, wanajitetea au wanajidanganya. Yeye anakiri waziwazi, tena kwa uchangamfu: walipotea porini, chakula kikapungua, naye pamoja na wazungu wenzake wakachukua kilichobaki na kuwaacha wale wengine wafe. Anaeleza kwamba kujiokoa ndiyo kanuni ya kwanza ya mtu. Msomaji anaweza kumsifu kwa ukweli wake. Lakini jiulize, mwalimu: kwa nini yeye peke yake ana uhuru wa kukiri? Vera angekiri kumwacha mtoto Cyril azame angenyongwa. Lombard anajua kwamba chumba kizima hakitamtendea lolote kwa ajili ya watu 21. Ujasiri wake umejengwa juu ya uhakika kwamba waliokufa hawana mtetezi.

Uhakika huo unathibitishwa katika mazungumzo ya Vera na Emily Brent. Vera anayapuuza mauaji hayo kwa kusema, kwa maana, kwamba wale walikuwa wenyeji tu. Brent anamkemea: weusi kwa weupe ni ndugu zetu. Hayo ni maneno ya haki kabisa, lakini tazama yametiwa kinywani mwa nani. Brent ndiye aliyemfukuza mtumishi wake Beatrice alipopata mimba, binti akajitupa majini akafa, naye hana chembe ya majuto. Mwandishi amemkabidhi mnafiki ukweli wa riwaya. Kinaya hiki ni kizito, na mwanafunzi akikiona amejifunza zaidi kuliko fasili kumi za kinaya.

Kuna jambo jingine. Katika barua yake jaji anaeleza alivyozikusanya habari za wahalifu wake. Za Lombard alizisikia kwa mtu aliyerejea karibuni kutoka Amazon. Hakuna mjane wa Afrika Mashariki aliyeulizwa, wala ndugu, wala mzee wa kijiji. Ushahidi wa vifo vya watu wetu umepitia Amerika Kusini hadi sikioni mwa jaji wa Uingereza kama porojo za wasafiri. Kisiwa kilichofunga washukiwa ndani kimewafungia mashahidi nje. Hii ndiyo kazi ya tatu ya mandhari funge, na ndiyo inayopaswa kutukera.

Jaji anasema pia kwamba alikusudia wenye hatia nyepesi wafe mapema na wenye hatia nzito wabaki hadi mwisho ili wateseke kwa hofu. Wa mwisho kabisa ni Vera, na Lombard anamtangulia kwa hatua moja tu. Waweza kudai kwamba mizani ya jaji imeweka kifo cha mtoto mmoja Mwingereza juu ya vifo vya Waafrika 21. Waweza vilevile kupinga kwamba ni Vera mwenyewe aliyempiga Lombard risasi pale ufukweni, na kwamba kumbakiza Lombard hadi hapo ni ishara kuwa jaji hakuwapuuza wale 21. Pingamizi hilo lina uzito na ni vizuri darasa lilijadili. Hata hivyo, kulitetea au kulipinga kunatulazimisha kuwahesabu wale watu, jambo ambalo wahusika wengi wa riwaya hawalifanyi.

Isitoshe, kitabu chenyewe kilitoka Uingereza mwaka 1939 kikiwa na jina lenye tusi kwa watu weusi, na tusi hilo lilikuwa pia jina la kisiwa na kiini cha wimbo. Wamarekani walikichapisha mwaka 1940 kwa jina tunalolitumia hapa. Waingereza waliendelea na lile la zamani hadi mwaka 1985. Kubadili jina kuliondoa tusi jaladani, na ilikuwa sawa kuliondoa. Lakini wale 21 waliachwa vilevile walivyokuwa, bila majina.

Almasi za Gorston Hall

Ukirudi sasa katika riwaya ya Krismasi utaona kwamba hali haitofautiani sana. Utajiri wa Simeon Lee ulitoka Afrika Kusini, katika migodi ya almasi. Chumbani mwake ana almasi ghafi anazozichezea mkononi akikumbuka ujana wake. Siku ya mauaji almasi hizo zinapotea, na baadaye zinapatikana zimechanganywa na changarawe katika bustani ndogo ya mapambo. Mmoja wa wageni, kijana aliyekuja kutoka Afrika Kusini kwa jina la bandia, anabainika kuwa ni mwana mwingine wa nje ya ndoa.

Riwaya inajishughulisha sana na nani aliziiba almasi za mzee. Haiulizi zilichimbwa na nani. Historia inajibu. Katika miaka ya 1880 makampuni ya almasi ya Kimberley yalianza kuwafungia wachimbaji Waafrika katika kambi zenye kuta, wasitoke hadi mkataba uishe, ili wasiibe mawe. Hapo palikuwa na mandhari funge ya kweli, na hapakuhitaji bahari wala dhoruba. Meza ya Krismasi ya Gorston Hall imeandaliwa kwa jasho la watu waliofungwa kuta nne, lakini kuta zinazomshughulisha msomaji ni zile za chumba cha mzee pekee.

Je, tumlaumu mwandishi?

Mhakiki mwadilifu hana budi kujihadhari. Si haki kumtwika mwandishi mawazo ya kila mhusika. Christie amewachora Vera na Lombard kama wahalifu, na kauli zao chafu ni sehemu ya uhalifu wao. Aidha, ndiye aliyeamua kuliweka shtaka la Afrika Mashariki miongoni mwa mashtaka, jambo ambalo hakulazimishwa kulifanya. Kwa upande huu riwaya yake inakiri, hata kama kwa sauti ndogo, kwamba kumwacha Mwafrika afe njaa ni kuua.

Kwa upande mwingine, angalia kilichotokea alipoigeuza riwaya kuwa tamthilia mwaka 1943. Kwa ajili ya jukwaa alibadili mwisho: Vera na Lombard wanaokoka, na inabainika kwamba hawakutenda maovu waliyoshtakiwa. Hadhira ilipata mwisho wa kufurahisha, na gharama ya furaha hiyo ilikuwa kulifuta shtaka la wale 21. Ilikuwa rahisi kulifuta kwa sababu hapakuwa na jina la kufutwa. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya hiki ndicho mhakiki anachopaswa kukisikiliza.

Kisiwa chetu

Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Ilikuwa imeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958. Hapa pia pana kisiwa na maiti. Lakini maiti inapatikana katika mzimu, mahali pa kuombea wa kale, na jamii ina maelezo yake tayari kuhusu kilichomwua mtu pale. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, akifuatana na Najum, anakataa maelezo hayo na kutafuta mkono wa binadamu.

Wahakiki wengi wamesema Bwana Msa ni nakala ya Sherlock Holmes, kiko na rafiki wa kumstaajabia vikiwa ushahidi. Ufanano huo haukataliki. Hata hivyo, tukiongozwa na mandhari tunaona tofauti kubwa. Unguja ya Abdulla haijafungwa na maji. Ni kisiwa cha mashamba, mitaa, vijiji na mabaraza, ambapo watu huingia na kutoka na habari husafiri kabla ya wenyewe. Kinachofunga hapa ni siri za nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa na nani, nani anajua na ameamua kunyamaza. Ndiyo sababu mafumbo ya Bwana Msa, hapa na katika riwaya zilizofuata kama Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973), hayategemei mashua iliyokawia. Hutegemea sana mazungumzo, na kila anayehojiwa ni mtu wa mahali, mwenye jina, ukoo na lugha yake.

Hapo ndipo penye uzito wa Abdulla kihistoria, kuliko katika kiko. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza alipoandika. Kwa maiti ya Mwafrika Mashariki kuwa fumbo linalostahili kitabu kizima, kwa kifo chake kutafutiwa mhusika ukurasa baada ya ukurasa, Abdulla alilipa sehemu ya deni lililoachwa kule Devon. Hatuna ushahidi kwamba alikusudia kumjibu Christie, na hoja yetu haihitaji ushahidi huo. Riwaya huzungumza zenyewe kwa zenyewe zikiwekwa katika rafu moja.

Darasani

Yote haya yanaweza kufanyika darasani bila kununua vitabu vipya. Mwalimu anaweza kuusimulia msuko wa riwaya ya kisiwa kwa dakika 15, kisha akawapa wanafunzi kazi tatu.

Kwanza, wahamishe mandhari. Waulize: kisa hiki kingetokea mjini Thika, nini kingevunjika? Baadaye wakihamishie kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Victoria, kisha mashambani mkesha wa Krismasi. Watagundua wenyewe ni matukio yapi yanayotegemea mahali na wakati, na hawataandika tena kwamba mandhari ni mahali na wakati tu.

Pili, wachore jedwali la waliokufa: jina la marehemu, aliyemwua, anayemlilia, anayemsemea. Jedwali hilo wakilipeleka katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora watafika pazuri. Riwaya hiyo ina mafumbo kama ya upelelezi: nani aliiba mswada wa Amani, nani ni wazazi wa kitoto kilichotupwa. Amani na Imani wanakipa kitoto hicho jina, Uhuru. Kinapofariki, msomaji ana jina la kulilia, na kifo chake kinaweza kutafutiwa haki. Linganisha na wale 21.

Tatu, waandike. Wape kichwa cha insha: mmoja wa wale wanaume 21 anasimulia safari ya Februari 1932. Mtahadharishe mwanafunzi asimfanye mhusika wake mtakatifu wala shujaa. Ampe jina, ampe mzee aliyemuaga, ampe sababu ya kukubali kubeba mizigo ya mgeni. Ambao hawatajua waandike nini wawaulize babu na nyanya zao kuhusu kazi za upagazi wa enzi hizo. Kazi ikipata simulizi moja tu yenye uhai, kipindi hakikupotea bure.

Hitimisho

Tumeona kwamba kisiwa na Krismasi katika riwaya hizi mbili ni zaidi ya pambo. Kisiwa kinatoa orodha ya washukiwa, kinaizuia sheria na kuipandisha taharuki. Sikukuu inawakusanya maadui wa damu moja na kuwanyima udhuru wa kuondoka. Tumeona vilevile kwamba mandhari ikifunga watu ndani huwa imefunga wengine nje, na kwamba waliofungiwa nje katika riwaya hizi ni Waafrika ambao vifo na jasho lao ndivyo vilivyowaleta wageni kisiwani na almasi mezani.

Basi mwalimu, mwanafunzi wako akisema kuwa riwaya ya upelelezi ni ya kupitishia wakati likizoni, usimkataze kuisoma. Mwache aisome Desemba hii akiwa nyumbani, na akirudi Januari usimwulize nani aliua, kwa kuwa hilo ataambiwa na kitabu. Mwulize ni akina nani waliokufa, na wangapi kati yao anawajua kwa majina.